Kizazi kimeshuka: kusubiri, mazoezi, pete au operesheni? Tulinganishe kabla hujaamua

Naandika hii kwa ajili ya mama ambaye ameshapimwa akaambiwa kizazi kimeshuka, au kibofu ndo kimeshuka, au ukuta wa nyuma wa uke umelegea, na sasa yuko nyumbani hajui ashike lipi maana nesi kamwambia fanya mazoezi, daktari mmoja kamwambia kuna pete inavaliwa, mwingine kamwambia tutoe kizazi tu yaishe, na jirani kashamtisha kwamba ukiguswa huko ndo umeharibika kabisa. Ukimtoa jirani, wote waliobaki wanaweza kuwa sahihi. Inategemea wewe unasumbuliwa na nini na unaishi maisha gani, kwaiyo tupitie moja moja taratibu kwa kutumia tafiti zilizofanywa kwa wanawake wenyewe, sio maneno ya saluni.

Tuelewane kwanza tunaongelea nini. Kibofu, kizazi na utumbo wa haja kubwa vinashikiliwa na misuli na kano za nyonga, ni kama kitanda cha kamba, kamba zikilegea kilicholala juu kinashuka. Kinachozilegeza ni kuzaa kwa njia ya kawaida hasa mara nyingi, umri na kukoma hedhi, mizigo mizito, kikohozi kisichoisha, choo kigumu cha kujikamua kila siku, na uzito wa mwili. Sio uchawi, sio malipo ya tabia mbaya, na sio fistula. Fistula ni tundu ambalo mkojo au kinyesi kinapitia ukeni bila kujizuia, hii ni kushuka. Mwenye nayo anasikia kitu kimejaa ukeni au anakigusa anapooga, asubuhi anajisikia afadhali ila jioni baada ya kusimama kutwa kinashuka zaidi, kiuno kinavuta, mkojo hauishi wote, na wengine hawawezi kwenda haja kubwa mpaka wabonyeze kwa kidole. Hilo la kidole wanawake wengi hawamwambii mtu yeyote, hata mume. Semeni kwa daktari tafadhali, maana ndo linamwonyesha ni ukuta upi umelegea.

Na hauko peke yako hata kidogo. Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa mkoani Kilimanjaro, waliingia vijijini wilaya za Hai, Rombo na Same wakapima wanawake 1,047, na asilimia 64.6 walikutwa na kushuka kwa daraja la pili na kuendelea. Lakini walioshuka vibaya, yaani sentimita moja au zaidi nje ya mlango wa uke, walikuwa asilimia 6.7 tu. Zishike hizo namba mbili pamoja, maana zinakwambia kwamba kushuka kidogo kumejaa kila kijiji na wengi wanaishi nako bila shida kubwa, na kushuka vibaya kupo pia ila kwa wachache. Utafiti huohuo ulikuta wanaobeba mizigo ya kilo 10 na zaidi kwa saa tano au zaidi kwa siku ndo wako kwenye hatari, pamoja na waliozaa mara nyingi na waliozalia nyumbani. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20. Yaani kazi ambayo mama wa kijijini anaifanya bila hata kuiita kazi.

Hayo madaraja ni kipimo kinachoitwa POP-Q ambacho madaktari wanakitumia tangu 1996, kinaanzia sifuri mpaka nne na wanapima kwa sentimita kutoka kwenye mlango wa uke. La kwanza bado kiko juu, la pili kimefika karibu na mlango, la tatu kimetoka nje, la nne kimetoka chote. Uliza daraja lako na uliza ni sehemu ipi imeshuka, mbele, nyuma au juu. Ukiwa hujui hayo mawili kulinganisha kwote huku hakutakusaidia sana.

Vitu vya kupimia

Kila njia nitaiuliza maswali yaleyale. Inapunguza kero kiasi gani? Inadumu au inarudi? Ina madhara gani? Inaathiri vipi kuzaa na tendo la ndoa? Na la mwisho ambalo tafiti za Ulaya hazilioni sana ila kwetu ndo linaamua kila kitu, inaendana vipi na maisha yako, yaani maji yako wapi, hospitali iko mbali kiasi gani, nani atakushikia kazi ukiwa umelala.

Kusubiri na kuangalia

Hii nayo ni njia halali na nasikitika watu wanaiita kuzembea. Kama umeambiwa kizazi kimeshuka kwa sababu ulienda kupimwa kitu kingine na wewe mwenyewe husikii chochote, hakuna utafiti unaosema lazima utibiwe. Haigeuki kuwa saratani. Inaweza kukaa hivyohivyo miaka mingi, inaweza kuongezeka taratibu, na ile midogo wakati mwingine inarudi yenyewe, wanawake wa Marekani waliokoma hedhi walifuatiliwa miaka kadhaa na hilo likaonekana. Kero haipungui kwa kusubiri lakini kama kero haipo hamna cha kupunguza. Tendo la ndoa ruksa, kuzaa ruksa ila mwambie anayekuhudumia mapema. Gharama yake ni kurudi kupimwa na kushughulika na vinavyosukuma chini, choo kiwe laini, kikohozi kitibiwe, uzito upungue kama umezidi, mzigo ugawanywe mara mbili badala ya kubeba mara moja.

Ila kusubiri kuna mpaka wake. Mkojo usiotoka wote unaleta UTI za kujirudia, na kwa walioshuka sana figo zinaweza kujaa maji kwa sababu njia ya mkojo imepinda, na kizazi kilichotoka nje kikisuguana na nguo kinachubuka kinatoa vidonda. Ukifika huko hausubiri tena, unajiumiza.

Mazoezi ya misuli ya nyonga

Wengi mnayajua kama Kegel, jina la daktari wa Marekani aliyeyatangaza mwaka 1948. Kwenye kushuka kwa kizazi utafiti mkubwa uliosimama ni ule wa POPPY uliotoka kwenye jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2014, wanawake 447 kutoka Uingereza, New Zealand na Australia wenye daraja la kwanza mpaka la tatu, wakagawanywa kwa kura, nusu wakakutana na mtaalamu wa fiziotherapia mara tano ndani ya wiki 16, nusu wakapewa karatasi ya maelezo tu. Baada ya mwaka mmoja waliofundishwa mazoezi walikuwa na dalili pungufu kuliko wenzao, na wachache zaidi kati yao walienda kutafuta matibabu mengine.

Sasa tusidanganyane. Kero inapungua, lakini kupungua kero na kitu kupanda juu ni mambo mawili. Utafiti wa Norway wa 2010 uliwafuata wanawake 109 na kati ya waliofanya mazoezi asilimia 19 kushuka kwao kulipungua kwa daraja moja, kwa wasiofanya asilimia 8. Ni tofauti ya kweli ila kwa wengi hakikupanda juu. Kwaiyo kama kizazi kimeshatoka nje chote usitegemee mazoezi pekee yakirudishe ndani. Mwongozo wa Uingereza wa 2019 unayaweka mazoezi yenye usimamizi, angalau wiki 16, kuwa hatua ya kwanza kwa daraja la kwanza na la pili, na nadhani hapo ndo mahali pake.

Kudumu kwake kunategemea wewe, ukiacha misuli inalegea tena. Ukiyafanya sawasawa hayana madhara ya maana, labda kuchoka. Kuzaa hakuna kizuizi, tendo la ndoa hakuna kizuizi na wapo wanaosema limekuwa zuri zaidi. Hela ni ndogo. Tatizo ni kwamba wanawake wengi wanayafanya kinyume, unamwambia kaza yeye anabana pumzi anasukuma chini kama anajifungua, na hapo anaongeza tatizo alilokuja nalo. Namna ya kujua: lala chali kunja magoti, ingiza kidole kisafi ukeni, kaza kama unazuia upepo na mkojo kwa pamoja. Kidole kinatakiwa kibanwe na kivutwe kwenda ndani na juu. Kikisukumwa nje unasukuma. Tumbo lisijibane, matako yasijibane, pumua kawaida. Shikilia sekunde chache, achia kabisa, pumzika, rudia, na taratibu uongeze mpaka sekunde 10. Usifanyie mazoezi wakati unakojoa. Na jifunze kukaza KABLA ya kukohoa, kupiga chafya au kunyanyua ndoo, hiyo moja peke yake inawasaidia wengi.

Yanakufaa kama kushuka kwako ni kidogo, una umri wa kuzaa bado, umejifungua karibuni, au unasubiri operesheni na unataka misuli iwe tayari. Hayakufai kama unataka nafuu ya wiki hii.

Pete

Hapa nitakaa kidogo maana ndo njia ambayo wanawake wetu wengi hawajawahi hata kuitajiwa. Pesari, au pete kama wengi wanavyoiita, ni kifaa cha silikoni kinachoingizwa ukeni kinashikilia vilivyoshuka. Zipo za maumbo tofauti, ya mduara ndo ya kawaida, nyingine ina shina na kitako kwa walioshuka sana. Daktari au nesi aliyefundishwa anakupima kwa vidole, anaikunja pete ikiwa na mafuta maalum, anaiingiza ikae nyuma ya mfupa wa kinena. Kisha usiondoke. Tembea, chuchumaa, kohoa, nenda kojoa. Ikidondoka ni ndogo, ikikuuma au mkojo ukigoma ni kubwa, na ikikaa sawa husikii kitu. Kupata saizi sahihi kunaweza kuchukua majaribio zaidi ya moja na hilo sio kosa la mtu.

Je inapunguza kero? Inapunguza, na siku hiyohiyo. Waholanzi walifanya kazi nzuri sana, matokeo yakatoka 2022 kwenye jarida la kitabibu la JAMA: wanawake 440 wenye dalili waligawanywa kwa kura, wengine waanze na pete wengine waende operesheni. Baada ya miaka miwili asilimia 76.3 ya walioanza na pete walisema wamepata nafuu, na kwa operesheni asilimia 81.5. Zinakaribiana kweli, ila watafiti wenyewe walisema hawawezi kuthibitisha kwamba pete sio dhaifu kuliko operesheni. Na kuna namba nyingine ndani ya utafiti huo lazima uijue: asilimia 54.1 ya walioanza na pete waliishia kufanyiwa operesheni ndani ya miaka hiyo miwili. Ukiisoma upande mmoja unasema pete imewashinda zaidi ya nusu. Ukiisoma upande wa pili, karibu nusu hawakuhitaji kisu kabisa, na wote walijaribu bila kupoteza nafasi ya kufanyiwa baadaye. Mi naisoma kwa upande huu wa pili, ila wewe unaweza kusema bora niende moja kwa moja na hautakuwa umekosea.

Madhara yake: ute mwingi na wakati mwingine wenye harufu, michubuko na damu kidogo hasa kwa waliokoma hedhi, na hao mara nyingi wanapewa krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni ili ngozi isikauke. Kitu kingine kinachowashtua watu, pete ikinyanyua kibofu mkojo unaweza kuanza kuvuja ukikohoa wakati zamani haukuvuja, kwa sababu njia ya mkojo ilikuwa imekunjwa na kushuka kwenyewe. Na kubwa kuliko yote, pete haisahauliwi. Iliyoachwa miaka bila kutolewa inaweza kuzama kwenye nyama mpaka ikatoboa kwenda kwenye kibofu au utumbo, ni nadra ila ipo, na hapo mama aliyekuja na kushuka anaondoka na fistula. Kwaiyo mtu anayevaa pete awepo mwingine nyumbani anayejua, binti au dada, hasa kama ni bibi ameanza kusahau.

Kwa anayeishi mbali na hospitali kuna habari njema. Utafiti wa Uingereza wenye wanawake 340 uliotoka 2023 ulilinganisha wanaorudi kliniki kubadilishiwa na waliofundishwa kuitoa wenyewe, kuiosha na kuirudisha. Ubora wa maisha ulikuwa sawa, na waliojihudumia wenyewe walipata matatizo machache zaidi. Maji safi na sabuni ya kawaida inatosha, hauhitaji dawa kali ya kuua wadudu, na wala usichemshe kitu chochote cha kienyeji uoshee. Ila sharti uwe na maji safi na mahali pa faragha, ambapo sio kila nyumba inapo, na kwa hilo hakuna daktari atakayekujibia zaidi yako.

Tendo la ndoa: ile ya mduara inaweza kubaki ndani au ukaitoa, ile yenye shina hairuhusu. Kuzaa: inaweza kuvaliwa hata wakati wa ujauzito. Gharama sio ya mara moja kwa sababu ya kurudi kliniki, lakini hamna kulazwa, hamna ganzi. Shida kubwa kwetu ni upatikanaji, vituo vingi hawana saizi zote au hawana kabisa, kwaiyo piga simu uliza kabla ya kupanda gari.

Inawafaa wanaotaka nafuu sasa, wanaotaka kuzaa bado, wenye presha, moyo au sukari isiyotulia ambao ganzi ni hatari kwao, na wanaosubiri zamu ya operesheni. Haimfai ambaye hawezi kurudi kuangaliwa na pia hawezi kujitolea mwenyewe.

Operesheni

Watu wanasema operesheni kama ni kitu kimoja. Hapana. Kuna kurekebisha ukuta wa mbele au wa nyuma wa uke, kuna kukipandisha kizazi na kukishona kwenye kano bila kukitoa, kuna kutoa kizazi kupitia ukeni na kushikilia kilichobaki, kuna ya kupitia tumboni ambapo sehemu ya juu ya uke inashikizwa kwa wavu wa plastiki kwenye mfupa wa chini wa mgongo, na kuna kufunga uke, yaani kuushona usiingilike tena. Ukiambiwa operesheni uliza ni ipi kati ya hizo na kwanini hiyo.

Kero inapungua sana, hilo halina ubishi. Kudumu ndo penye mjadala, na hapa inabidi usome kwa makini kwa sababu unaweza kutishika bure. Utafiti wa Marekani ulioitwa OPTIMAL uliwafuata waliofanyiwa aina mbili za kushonea juu kwa nyuzi na baada ya miaka mitano, kwa kipimo kikali cha watafiti, waliohesabiwa kuwa imeshindwa walikuwa asilimia 61.5 kwa aina moja na 70.3 kwa nyingine. Inatisha eh? Lakini kipimo hicho kilihesabu hata kushuka kidogo ambako mtu anaweza asikusikie, na waliorudia matibabu walikuwa kama mmoja kati ya kumi tu. Wengi walikuwa bado na nafuu kuliko walipoanza. Kwaiyo swali sahihi kwa daktari ni "wangapi kati ya wagonjwa kama mimi wanarudi wakiwa na kero tena", sio "inashindwa kwa asilimia ngapi".

Sasa kuhusu kutoa kizazi, na hili nalisema kwa uzito. Mama akiambiwa kizazi kimeshuka wengi wanaamini lazima kitolewe. Kizazi kimeshuka kwa sababu kano zimelegea, chenyewe hakina kosa. Waholanzi walilinganisha wanawake 208, nusu kizazi kilishonwa kikabaki na nusu kilitolewa kupitia ukeni. Baada ya miaka mitano walioshuka tena sehemu ya juu wakiwa na kero au wakahitaji kurudiwa walikuwa 1 kati ya 102 kwa waliobaki na kizazi, na 8 kati ya 102 kwa waliotolewa. Halafu 2023 Waholanzi tena, wanawake 434, walichukua operesheni ya zamani ya Manchester iliyoanzia karne ya 19, ambapo shingo ya kizazi inafupishwa na kano zinakazwa, wakailinganisha na hiyo ya kushona, na baada ya miaka miwili Manchester ilifanikiwa kwa asilimia 87.3 na nyingine 77.0. Zote mbili kizazi kinabaki. Kutoa bado kuna nafasi yake, kama kuna damu isiyoeleweka, uvimbe, au shingo ya kizazi ina mabadiliko, au mwenyewe mama anataka kitoke. Lakini kitoke kwa sababu, na wewe ukiwa umekubali kwa kuelewa, sio kwa sababu ndo daktari aliyozoea. Uliza tu, "dokta, na nikibaki nacho?" Anayekuheshimu atakueleza.

Wavu wa plastiki unaowekwa kupitia ukeni ni habari ya huzuni. Uliuzwa kama suluhisho la kudumu, kisha wanawake wakaanza kuumia, wavu ukitokeza ukutani mwa uke, maumivu yasiyoisha, tendo la ndoa likageuka mateso. Utafiti wa PROSPECT wa Uingereza wa 2017 ulionyesha haukuwa na faida zaidi ya nyuzi za kawaida kwa operesheni ya kwanza na zaidi ya mmoja kati ya kumi alipata tatizo la wavu ndani ya miaka miwili. Uingereza wakasimamisha Julai 2018, na Aprili 2019 mamlaka ya Marekani, FDA, ikaamuru kampuni ziache kuuza za kuwekwa kupitia ukeni kwa ajili ya kushuka. Ule wa kupitia tumboni bado unatumika na unashikilia vizuri, ila nao sio bila doa, wanawake waliofuatiliwa miaka saba Marekani asilimia 10.5 wavu au nyuzi zilitokeza. Kwaiyo neno wavu likitajwa, uliza unapitia wapi.

Kufunga uke kunasikika vibaya lakini kwa bibi ambaye hana na hataki tena tendo la ndoa ni operesheni fupi, inaweza kufanyika kwa ganzi ya mgongo, kurudi kwa kushuka ni nadra na wanaojutia ni wachache. Ila hakurudishwi nyuma kirahisi, na kama kizazi kipo ndani hakitapimika tena kupitia ukeni, kwaiyo shingo ya kizazi ipimwe kwanza. Na aulizwe bibi mwenyewe, akiwa peke yake, sio watoto wake wamjibie.

Madhara ya jumla ya operesheni ni damu, maambukizi, kuumia kibofu, mkojo kuvuja baada ya kunyanyuliwa kama nilivyosema kwenye pete, na kwa wengine maumivu kwenye tendo. Kuzaa, mara nyingi unashauriwa umalize kwanza. Na mapumziko: kawaida unaambiwa usibebe kizito kama wiki sita. Ulitoka utafiti Marekani 2023 unaosema kurudi mapema kwenye shughuli za kawaida hakukuharibu kitu, na nimefurahi kuusoma, lakini shughuli za kawaida za mama wa mjini Marekani sio kuteka maji bondeni na kushusha mkungu wa ndizi mgongoni. Kama nyumbani kwako hakuna atakayebeba maji hizo wiki, mliongee kama familia kabla ya tarehe, mume awepo, na kama haiwezekani msimu wa kilimo basi isogezwe. Kushonwa vizuri halafu kurudi kwenye ndoo wiki ya pili ni kumrudisha mama alikotoka.

Sasa wewe uko wapi?

Kama husikii chochote, subiri, rekebisha choo na kikohozi, rudi kupimwa.

Umejifungua karibuni na unasikia uzito chini, usikimbilie popote, anza mazoezi ukisimamiwa, miezi ya mwanzo mwili bado unajirudisha.

Daraja la kwanza au la pili lenye kero, mazoezi wiki 16 kwa uaminifu, na kama kazi yako ni ya kusimama au kubeba unaweza kuongeza pete ya kuvaa mchana tu, usiku unaitoa.

Unataka watoto bado na kimeshuka cha kutosha, pete kwanza, operesheni baadaye.

Umemaliza kuzaa, kimetoka nje, una afya na kuna wa kukusaidia nyumbani, operesheni ni chaguo zuri na usione aibu kuitaka mapema, ila jaribio la pete kabla halikupotezei kitu, na mjadala wa kubaki na kizazi ufanyike.

Una miaka mingi na maradhi mengine, pete, au kufunga uke kama tendo la ndoa lilishaisha na ni wewe unayesema hivyo.

Ulishafanyiwa na kimerudi, tafuta daktari anayezifanya hizi mara kwa mara kwenye hospitali kubwa, beba karatasi za mwanzo, na usikubali wavu mpaka ueleweshwe.

Na kama mkojo umegoma kutoka kabisa, au kilichotoka nje hakirudi na kimebadilika rangi au kina kidonda kinachotoa damu, au ulishakoma hedhi na umeona damu, acha kulinganisha, nenda hospitali leo.